Acheni kujumlisha tatu

Nimeiona tena wiki hii, kwenye msimbo wa kijana mmoja hapa Meru aliyeniomba nimkagulie kazi: + 3*3600. Nikamuuliza hii ni ya nini. "Bosi, seva iko Ulaya na sisi Kenya hatubadilishi saa. Unajumlisha tatu tu, basi."

Jamani, tabia hii niliwahi kuwa nayo mimi mwenyewe, ndiyo maana inaniudhi. Mnunuzi mmoja wa mishiri aliniomba nimtengenezee mfumo wa wakulima kuandikisha mzigo kwa simu kabla lori halijaondoka kwenda uwanja wa ndege Nairobi. Mwisho wa kuandikisha ni saa kumi jioni. Seva ilikuwa London. Nikaandika mfumo mwezi wa Januari, nikajumlisha tatu, saa ikalingana na ya mkononi mwangu, nikalipwa. Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza wakasogeza saa zao mbele kama wafanyavyo kila mwaka. Jumatatu mfumo wangu ukafunga saa tisa. Waliofika saa tisa u nusu wakaambiwa wamechelewa, na mishiri iliyochumwa asubuhi haingoji kesho. Mama mmoja akanipigia: "Mwanangu, saa yangu ni saa tisa u nusu. Hiyo ya kompyuta yako inasema nini?"

Ilikuwa inasema saa kumi u nusu. PHP inahesabu sekunde za UTC tangu 1970 bila kujali uko wapi, lakini wakati wa kuzichapa inatumia ukanda wa saa uliowekwa kwenye mipangilio yake pale kwenye seva. London wakati wa baridi ni sawa na UTC, kwa hiyo tatu yangu ikaonekana sahihi. Machi ikawa nne.

Halafu hili la "saa zetu hazibadiliki". Nairobi yenyewe iliwahi kuwa mbele ya UTC kwa saa mbili na nusu, na baadaye saa mbili na dakika 45. Hiyo ni enzi ya mkoloni, sawa. Lakini Sudan ilirudi nyuma saa nzima Novemba 2017, na Sudan Kusini tarehe 1 Februari 2021. Kama una mteja Juba na uliandika Africa/Juba, ulichohitaji ni kusasisha data ya kanda za saa, ile aliyoianzisha Arthur David Olson na ambayo sasa iko chini ya IANA. Kama uliandika tatu, ulianza kuitafuta faili kwa faili. Na Kigali na Goma ni mbili, hazijawahi kukungoja.

Dawa ni rahisi mpaka inachosha. Jambo lililokwisha kutokea lihifadhi kwa UTC. Unapolionyesha, ipe maktaba jina la ukanda, Africa/Nairobi, ifanye hesabu yenyewe. Miadi ya siku zijazo ihifadhi kwa saa ya pale pale pamoja na jina la ukanda, maana serikali inaweza kubadili saa kabla siku haijafika. PHP ina vifaa hivi tangu toleo la 5.2 la 2006. Python ina zoneinfo tangu 3.9, 2020. Kisingizio kimebaki kipi?

Kuna na wale wa kutoa sita ili wapate saa za Kiswahili. Nia nawasifu. Hata Moment, kwa Kiswahili chake, inaandika "leo saa" kisha inabandika saa ya Kizungu, na mkutano wa saa nane unasomeka saa mbili. Lakini ukitoa sita kwenye wakati wenyewe, saa tisa usiku ya Jumatano inageuka Jumanne, na ripoti zako zote zinahama siku. Saa za Kiswahili si ukanda, ni namna ya kusoma. Guseni tarakimu peke yake, mwishoni kabisa, mkishapata saa ya Nairobi: (h + 5) % 12 + 1. Saa 15 inatoa 9, saa 0 inatoa 6.

Kijana ameanza kufuta. Ile tatu alikuwa nayo mahali kumi na saba, na pamoja alikuwa amejumlisha mara mbili. Mimi yangu niliirekebisha usiku ule ule, na kreti nne za mishiri nikazilipa kutoka mfukoni.