Kumkumbuka Mkuzaji Mwenza: Kisa cha Adrian Slack

Ni ada katika tanzia nyingi za wanataaluma kuorodhesha shahada za marehemu, vyeo alivyoshika na makongamano aliyohudhuria, kisha kalamu ikawekwa chini. Msomaji huyajua mafanikio ya mtu, ila mtu mwenyewe hamjui. Mbali na kumbi za vyuo, wapo watu wanaokumbukana kwa namna inayostahili kutazamwa na kila mwanafunzi wa mbolezi. Hao ni wakuzaji wa mimea inayokula wadudu.

Adrian Slack, Mwingereza aliyefariki mwaka wa 2018, alikuwa mmoja wao. Aliendesha kitalu kilichoitwa Marston Exotics na kuandika vitabu viwili ambavyo wakuzaji wengi walijifunzia kazi: Carnivorous Plants (1979) na Insect-Eating Plants and How to Grow Them (1986). Aliishi kwa kuuza mimea, lakini akawaeleza wasomaji waziwazi jinsi ya kuizidisha wenyewe. Ni mfanyabiashara gani huwafundisha wateja namna ya kutomhitaji? Ukarimu huo una faida hata nje ya kitalu, kwani mmea unaopatikana kwa jirani hauna haja ya kung'olewa kinamasini. Tishio la uchimbaji si dogo: katika jimbo la North Carolina, Marekani, sheria ilikazwa mwaka wa 2014 dhidi ya wezi wa mmea mmoja wa jamii hii.

Mimea hii huota penye udongo maskini, hivyo hujitafutia naitrojeni kwa kunasa wadudu. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mmea huu hauendi kabisa, na nyama unaila. Sarasenia, yenye asili ya Amerika Kaskazini, ina majani mfano wa mitungi mirefu. Mdudu hufuata utamu mdomoni mwa mtungi, akateleza, asitoke tena. Chotara mmoja wa sarasenia, mweupe juu na mwenye wekundu mzito, alipewa jina 'Adrian Slack' mwenyewe angali hai.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Mbegu za chotara huyo hazizai mmea ule ule. Ili uendelee kuwapo, sharti shina lake la ardhini likatwe, na kipande kitiwe mkononi mwa mtu mwingine. Anayekipokea hupokea na kazi. Atakinga maji ya mvua, maana chumvi za maji ya mfereji huuua mmea polepole. Hatatia mbolea udongoni. Atauachia miezi ya baridi upumzike, hata ukionekana umekufa. Kumbukumbu ya namna hii haiwezi kutimizwa kwa hotuba ya dakika tano na shada la maua. Tena ina kibao chake chenye jina. Kibao kikipotea, mkuzaji mwaminifu hakisii. Huuita mmea usio na jina, hata kama moyoni anaamini kuwa anaujua.

Yupo atakayepinga kwamba jina juu ya kipande cha plastiki halimsimulii mtu. Pingamizi hilo lina uzito, kwa kuwa mtu aweza kuutunza mmea huo miaka kumi bila kujua iwapo Slack ni mtu au ni mtaa. Vitabu navyo huchakaa na kukosa kuchapishwa. Basi kazi hubaki kwa yule anayekata na kugawa: kabla hajakabidhi kipande, amwambie mpokeaji kilitoka kwa nani, huyo naye alipewa na nani, na yule mwenye jina alikuwa na tabia gani ya kuwafunulia wageni siri za kitalu chake. Yote hayo husemwa mikono ingali na udongo, wala hakuna anayetaja shahada.