Anayerudi na Anayempokea

Kutoka Nyamyumba, ufukoni mwa Ziwa Kivu, penye kiwanda cha bia cha Bralirwa na chemchemi za maji moto, hadi gereza la Rubavu lililoko Nyakiriba si masafa ya kumchosha msafiri. Na ukaribu huo watosha kutukumbusha kwamba mfungwa, hata yule aliyemwaga damu, aghalabu hurejea palepale alipotoka, akapita mbele ya mlango wa jamaa za aliyemuua.

Rwanda yalijua jambo hili kuliko nchi nyingi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, magereza yalifurika mahabusu zaidi ya laki moja. Kisha mahakama za gacaca, ambazo hadi kufungwa kwake rasmi Juni 2012 zilikuwa zimekata kesi karibu milioni mbili, ziliwapunguzia adhabu waliokiri, na wengi wao wakaitumikia sehemu ya kifungo katika kazi za manufaa ya umma, maarufu kama TIG, wakipasua mawe, wakichimba matuta na kuwajengea manusura nyumba. Waliohukumiwa miaka mingi zaidi ndio wanaomaliza muda wao siku hizi, baadhi yao wakiwa wazee wenye mvi.

Sina ugomvi na useremala wala ushonaji unaofundishwa gerezani, maana mtu asiye na kazi ni rahisi kurudia shari. Lakini randa mkononi haimtengenezi mtu dhamiri. Toba ya muuaji ina kipimo chake, nacho ni kusema ukweli wote, hususan mahali ilipo miili, kwani zipo familia ambazo hadi leo hazijazika. Asiyetaka kulisema hilo, ilhali alijua, hata akihitimu mafunzo yote, kwangu mimi hajarekebika.

Tena, mwaka 2003, walioachiliwa kwa maelfu walipitishwa kwanza katika kambi za ingando, wakafunzwa namna ya kuishi na watu. Lakini je, mjane atakayekutana nao sokoni naye si mja wa kuandaliwa? Ni insafu gani hiyo, mkosaji kupewa darasa na mkosewa kupewa mshtuko?

Kwa hiyo naiomba Idara ya Magereza, pamoja na viongozi wa vijiji, wampelekee manusura habari miezi mingi kabla ya siku ya kuachiliwa, wamsikilize hofu yake, na wasimlazimishe kusamehe; na gharama ya kazi hiyo iingizwe katika bajeti ya magereza, isiachiwe hisani ya makanisa peke yake.