Simu ya Baba, Homuweki ya Mtoto

Mwezi huu tuongelee simu, ila sio ile ishu yetu ya kila siku ya nani kamtumia nani meseji. Au tuseme ndio yenyewe, ila safari hii imeingilia mlango wa darasani.

Mnakumbuka Machi 2020 shule zilipofungwa nchi nzima kwa ajili ya corona. Kidato cha sita na vyuo walirudi Juni 1, madogo wakasubiri hadi Juni 29. Hapo ndipo walimu kibao wakahamia WhatsApp. Mwalimu anapiga picha ukurasa wa kitabu, anatupia kwenye grupu la wazazi, mtoto anajibu kwenye daftari, mzazi anapiga picha anarudisha. Shule zikafunguliwa, magrupu yakabaki.

Sasa nyumba nyingi zina simu ya tachi moja tu, nayo ni ya baba. Inaondoka saa 12 asubuhi, inarudi saa 4 usiku mtoto keshalala. Na hata baba akiwahi, simu ina namba ya siri. Akiombwa aifungue, anaisoma homuweki mwenyewe kwa sauti, kaikumbatia kifuani kama hati ya nyumba, na mtoto anaandika kwa kusikia. Jamani, mchoro wa ua na sehemu zake unausomaje kwa sauti?

Kina dada nao wamo. "Lete simu nimtumie mwalimu picha ya daftari," kumbe mtu anatafuta jina! Baba akishtukia mara moja tu, grupu la darasa ndio basi tena. Anayesimamishwa kesho yake mbele ya wenzake kwa kutofanya kazi ni mtoto, na hata hajui ugomvi ulianzia wapi.

Kwa upande wangu, mtu mzima ana haki ya mambo yake hata kama amevaa pete. Ila homuweki ya mtoto sio siri ya mtu. Tangu 2023 WhatsApp inakuruhusu kufunga chati moja moja, kwa hiyo mwenye yake ayafunge hayo, simu ikae mezani nusu saa. (Najua wapo watakaosema nawafundisha waume zao maujanja. Poa tu.)

Na mama mwenye simu ya kitochi asiachwe nje. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, hesabu tano za kujumlisha zinaenea humo. Kwenye luninga, Ubongo Kids wanafundisha hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili tangu 2014, na rimoti haina namba ya siri.

Walimu wangu, tumeni kazi mapema basi. Simu ikilia saa 5 usiku, kabla haijajulikana ni mwalimu, nusu ya kesi imeshasikilizwa.

Kina baba, nasubiri barua zenu.