Tupime hatua ya mtoto, si Kiingereza chake tu

Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi, nilimwuliza mwanafunzi wa darasa la tano ni kwa nini nguo hukauka upesi siku ya upepo. Alinieleza kwa Kiswahili safi, hata mvuke akautaja. Baadaye swali lilo hilo likaja katika mtihani kwa Kiingereza. Akaliacha tupu. Nami nikamnyima alama za sayansi, ilhali sayansi aliijua.

Kisa hicho kimenirudia nikisoma jinsi Wamarekani wanavyohangaika na jambo hili. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyowahusu wanafunzi wa asili ya Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ya huko ilisema kwamba kumpa asiyejua Kiingereza vitabu na walimu sawa na wenzake si kumtendea haki. Sheria iliyotiwa sahihi Januari 2002 ikaagiza watoto hao wapimwe Kiingereza kila mwaka: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Ile ya Desemba 2015 ikazidi. Hatua wanazopiga katika lugha sasa ni sehemu ya hesabu inayotumiwa kuihukumu shule. Miongoni mwa wanaopimwa hivyo ni watoto wa wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili, baadhi yao wakiwa wazaliwa wa Kakuma, humu humu nchini.

Ninalolipenda hapo ni neno "hatua". Shule haiulizwi tu ni wangapi wamefuzu, bali pia watoto wamesogea kiasi gani. Lakini kipimo chenyewe chaweza kudhulumu. Anayeanza hupanda upesi. Akiifikia lugha ya vitabuni, mwendo hupungua. Wataalamu wa lugha wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba maongezi ya kiwanjani huweza kupatikana kwa miaka miwili hivi, ilhali lugha ya masomo huchukua mitano hadi saba. Basi jimbo likidai kila mtoto asogee kiasi kile kile kila mwaka, shule yenye wanafunzi waliokwisha kufika katikati itaonekana mbovu bila kosa lolote. Aidha, kijana aliyefika juzi kutoka kambini hawezi kulinganishwa na mwenzake aliyeanzia chekechea.

Nasi je? Tangu 1985 hadi 2023 mtihani wa KCPE ulifanywa kwa Kiingereza, isipokuwa karatasi ya Kiswahili. Mtoto wa Turkana na wa Lavington wakapimwa kwa rula moja, na kwa miaka mingi shule zikapangwa kwa wastani wa alama, ya kwanza ikibebwa juu kwa juu na ya mwisho ikizomewa. Sikumbuki tukiuliza nani alianzia wapi. Mtaala umebadilika, lakini swali hilo bado halijajibiwa.

Rai yangu kwa Wizara ya Elimu ni ndogo. Mtoto apimwe Kiingereza anapoingia Gredi ya 4, ambapo lugha hiyo huwa ndiyo ya kufundishia, kisha apimwe tena akiwa Gredi ya 6. Matokeo apewe mwalimu wake wa darasa na mzazi. Yasiletwe magazetini, hata katika gazeti hili.