Jiko la mkaa hutunzwa

Huku Zuzu, Dodoma, Juni na Julai baridi huuma, na jiko la mkaa hufanya kazi mbili: kupika na kuota. Naunga mkono nishati safi ya kupikia, na lengo la Serikali la asilimia 80 ya Watanzania kuitumia ifikapo 2034 ni jema. Lakini mwenye jiko la udongo leo alitunze, maana jiko bovu hula mkaa bure.

Kwanza, zoa majivu kabla ya kuwasha. Yakijaa chini ya matundu, hewa haipiti na moto huzubaa. Pili, usizime makaa kwa kumwagia maji ndani ya jiko. Udongo wa moto ukipoa ghafla hupasuka. Yatoe kwa koleo, uyafunike kwenye chombo cha bati mpaka yafe. Tatu, ufa mdogo uzibe mapema kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu yaliyochekechwa. Lowanisha ufa, kandika, anika kivulini, kisha anza na moto mdogo. Udongo ukishavunjika vipande, mpelekee fundi aweke mwingine. Bati la nje la jiko bado linafaa.

Na hili nawasihi ndugu zangu, hasa wenye watoto wachanga: msilale na jiko chumbani. Gesi yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa pia. Litoeni nje kabla ya kufunga mlango.