Mapatano hufanyika ufukweni: akili bandia na watoto wetu

Wavuvi wa Rumonge wana desturi ambayo kila mchuuzi wa ndagala anaijua. Jioni, kabla chombo hakijasukumwa majini, mwenye boti, mwenye nyavu na mabaharia wanakuwa wamekwisha kukubaliana nani atapata fungu gani, na wavu ukichanika nani atabeba hasara. Asiyeuliza ufukweni hana haki ya kugombana alfajiri, samaki wakiisha kumwagwa.

Nimeikumbuka desturi hiyo kwa sababu ya swali nililoulizwa na mzazi mmoja, mfanyabiashara wa mawese anayekwenda na kurudi Kigoma. Alinionyesha simu yake akasema: "Mwalimu, mwanangu siku hizi haniulizi mimi wala hakuulizi wewe. Anaiuliza simu, nayo inamjibu kwa Kiswahili. Je, nifurahi au nimnyang'anye?" Siku ile sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, kwake na kwa wazazi wengine wanaovuka ziwa hili kutafuta riziki.

Kinachomjibu mtoto yule ni akili bandia, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita pia akili mnemba. Ni programu za kompyuta zilizofunzwa kwa maandishi, picha na sauti nyingi mno za watu, hata zikaweza kukisia neno linalofaa kufuata, kutambua sura, au kumsikiliza mtu akisoma. Mara nyingi zinakisia vizuri. Mara nyingine zinakosea, tena kwa sauti ile ile ya uhakika. Mtu mzima akidanganywa bei ya mafuta hugutuka, kwa kuwa anaijua bei ya jana. Mtoto wa miaka tisa hana cha kulinganisha.

Serikali, mashirika ya misaada na makampuni wanazungumza sana juu ya ushirikiano ili teknolojia hii iwafae watoto. Mwaka 2021 UNICEF ilitoa mwongozo uliotaja mahitaji tisa, yakiwemo kulinda habari za mtoto, kutombagua, kumweka salama, na kumweleza mambo kwa uwazi. Julai 2024 Umoja wa Afrika nao uliidhinisha mkakati wa bara zima kuhusu akili bandia. Hayo ni maneno mema. Hata hivyo, sisi wa ufukweni tunapaswa kuuliza: katika boti hilo la ushirikiano, mtoto wa Rumonge na mzazi wake wamepewa nafasi gani? Ni mabaharia wenye fungu, au ni samaki?

Orodha haisahau

Nina sababu ya kuuliza hivyo. Nilivuka mpaka nikiwa mtoto, nikasoma katika kambi moja mkoani Kigoma. Siku ya kuandikishwa tulipangwa mstari, tukapigwa picha, na karani mmoja akaandika jina langu alivyolisikia na mwaka wa kuzaliwa alivyoukisia. Mama hakubisha. Tulikuwa na njaa, na karatasi ile ndiyo iliyoleta unga na maharage.

Niliporejea nyumbani nikiwa kijana mwenye cheti, jina la kwenye cheti halikufanana na la kwenye kitambulisho, na mwaka haukufanana na wa ubatizo. Nilizunguka ofisi hadi ofisi kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Nadhani wengi mliorejea mnaijua safari hiyo, hasa mliowahi kudai shamba la baba kwa karatasi zisizoafikiana.

Kosa langu lilikuwa la kalamu, na kalamu hufutika kwa viapo na mashahidi. Tazama sasa lililowapata wenzetu wa kaskazini mashariki mwa Kenya. Wakati wa ukame, Wakenya wengi wenye asili ya Kisomali wa maeneo ya Garissa waliandikishwa wakiwa watoto katika kambi za Dadaab, ili familia zipate chakula na matibabu. Walikuwa raia, lakini njaa haiulizi uraia. Walipofikisha miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, kompyuta ilikuta alama za vidole vyao katika orodha ya wakimbizi. Wakakataliwa. Maelfu walikaa miaka mingi bila kitambulisho, na nchini Kenya asiye na kitambulisho hapati kazi ya halali, hafungui akaunti, hata laini ya simu ni shida. Mashine ile haikuwa na akili yoyote ya ajabu, ililinganisha vidole tu. Ilichokosa ni mtu wa kuiambia kwamba mtoto huyu aliandikishwa kwa sababu ya njaa.

Mfano mwingine unatoka mbali, lakini mkimbizi yeyote atauelewa. Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba habari za Warohingya waliokimbilia Bangladesh, zilizokusanywa na UNHCR pamoja na serikali ya nchi hiyo, zilifikishwa kwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia, kwa ajili ya mpango wa kuwarejesha. UNHCR ilijibu kwamba watu waliombwa ridhaa. Wakimbizi waliohojiwa wengi wao walisema hawakuelezwa hivyo. Walijua wanaandikishwa ili wapate msaada.

Ndugu msomaji, si nia yangu kuwatukana wanaotusaidia. Bila orodha ile ya Kigoma nisingekula, na nisingesoma. Lakini mwenye njaa anapoombwa ridhaa, hiyo si ridhaa kamili. Februari 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka kuingia nchini mwetu wakikimbia vita, na watoto wao wakaandikishwa kama nilivyoandikishwa mimi. Tangu 2017 Warundi zaidi ya 200,000 wamerejea nyumbani chini ya mpango wa kurejea kwa hiari, wengi wao kutoka Tanzania, na kila mtoto katika misafara hiyo ana habari zake mahali fulani. Habari hizo zikiingizwa katika mashine inayoamua nani apate nini, kosa la karani mmoja linaweza kuwa kosa la maisha.

Tanga ilivyojaribu

Baada ya kusema hayo ningeonekana mtu wa kukataa kila kipya. La hasha. Kuna jaribio lililofanyika jirani zetu Tanzania ambalo kila mwalimu wa Kiswahili anapaswa kulijua.

Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mapema 2019, watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vibao vya kompyuta vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Ilikuwa sehemu ya shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15 zilizotolewa na Elon Musk. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali ya Tanzania walishirikiana katika kazi hiyo, na Google ilitoa vibao. Vijijini palijengwa vituo vya kuchaji kwa nguvu ya jua. Mojawapo ya programu tano za fainali, RoboTutor ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon, iliweza kumsikiliza mtoto akisoma Kiswahili kwa sauti.

Kabla ya jaribio, zaidi ya tisa ya kumi ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10. Na hapa kuna jambo kubwa kwetu: sharti la shindano lilikuwa kwamba programu za fainali ziachwe wazi, mtu yeyote azichukue na kuzitumia bila kulipa. Kwa hiyo kilichotengenezwa kwa mtoto wa Tanga, kwa lugha tunayoizungumza sokoni Rumonge, si mali ya kampuni moja.

Lakini nusu nyingine je? Jaribio lile lilipangwa makusudi kwa watoto wasio na mwalimu, kuona kibao peke yake kinafika wapi. Kilifika nusu ya njia, na kwangu mimi hilo ni sifa kwa kibao na sifa kwa mwalimu pia. Malawi imelielewa somo. Mpango wa serikali yake ulioanzishwa 2022 unatumia programu ya onebillion katika shule za msingi za umma, wanafunzi wakienda kwa zamu na mwalimu akiwa pamoja nao. Serikali inaongoza, mtaalamu wa nje anasaidia, na mwalimu hatolewi darasani. Huo ndio ushirikiano ninaoweza kuuamini.

Lugha ya nani?

Kuna suala la lugha. Google iliweka Kiswahili katika kitafsiri chake mwaka 2009. Kirundi kilisubiri hadi Juni 2024. Miaka hiyo 15 si kwamba Kirundi kilikosa wasemaji. Kilikosa maandishi ya kutosha katika intaneti ya kuilisha mashine, na kilikosa mnunuzi. Matokeo yake mtoto wa Rumonge anayeiuliza simu kwa Kiswahili hupata jibu zuri kidogo, na akiuliza kwa Kirundi cha bibi yake hupata jibu la kuungaunga. Taratibu atajifunza kwamba lugha ya bibi ni ya kukosea.

Pia, mashine inayowasikiliza watoto lazima iwe imewahi kusikia sauti za watoto. Tangu 2021 shirika la Mozilla limekuwa likikusanya sauti za Kiswahili za watu wanaojitolea, ili mtengenezaji yeyote azitumie bure. Ni kazi njema. Lakini siku mtu atakapokuja shuleni kwetu na kinasa sauti, swali la kwanza liwe: sauti ya mtoto huyu itakaa wapi, kwa muda gani, na mzazi akitaka ifutwe amwone nani?

Habari zavuka bila pasi

Wafanyabiashara mnajua mpaka. Pale Mugina au Kabonga mzigo wako unafunguliwa, unahesabiwa, unalipiwa. Habari za mtoto wako zinavuka bila kufunguliwa wala kuhesabiwa. Picha aliyopigwa shuleni inaweza kuwa Nairobi dakika hii na Marekani dakika ijayo.

Majirani zetu wameanza kuweka vizuizi. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda habari binafsi tangu 2019, Rwanda tangu 2021, na ya Tanzania ilitungwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023. Sheria hizo si mapambo. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sisi tulio katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 tuna haki ya kutaka mtoto alindwe sawasawa, awe Kigoma, Uvira au Rumonge.

Tuulize nini?

Mradi wowote wa teknolojia ukiletwa kwa watoto wetu, uwe wa serikali, wa shirika au wa kampuni, napendekeza kamati za wazazi ziulize mambo manne, kwa Kirundi au kwa Kiswahili, na zijibiwe kwa lugha hiyo hiyo.

Kwanza, habari gani za mtoto zinachukuliwa, na je, bila hizo msaada hautolewi? Unga usiwe bei ya kidole. Pili, mashine ikikosea, nani ana uwezo wa kusahihisha, na ofisi yake iko wapi? Akiwa mtu wa simu tu katika nchi nyingine, jibu halijatolewa. Tatu, fedha zikiisha, nini kinabaki? Programu iliyo wazi hubaki. Ya kukodishwa huondoka na mwenyewe. Nne, mwalimu ana nafasi gani?

Nanyi wafanyabiashara mna fungu lenu la kutoa. Katika nchi hii umeme unafikia takribani mtu mmoja kati ya kumi, na kibao bila umeme ni sinia. Mnaoleta sola na betri kutoka Kigoma na Dar es Salaam mnaweza kuwa washirika wa kweli wa shule. Ushirikiano haupaswi kuwa wa wageni watatu wakizungumza juu ya mtoto mmoja aliyelala.

Sasa namjibu mzazi yule. Ndugu yangu, usimnyang'anye, wala usifurahi ukiwa mbali. Keti naye. Mwambie aiulize simu bei ya bidoni ya mawese sokoni kwetu, au njia ya mkato ya kwenda kwa babu yake. Itakapokosea, nawe ukamwonyesha, atakuwa amejifunza somo la kwanza: kwamba mashine nayo hubishiwa. Kisha siku ya kikao cha wazazi njoo, hata kama boti linaondoka. Mama yangu hakubisha siku ile kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumbishia. Wewe unaye.