Baba, Puto Lisiguse Chini

Wiki iliyopita nilifanya jambo ambalo wengi wenu mnalifanya kila jioni. Nilirudi kutoka kazini, miguu imekufa ganzi kwa kusimama kwenye daladala. Wanangu wawili wakanipokea mlangoni kwa kelele, nami nikawapa simu. Nikawawekea katuni, nikavuta kiti barazani, nikafungua gazeti. Nyumba ikawa kimya. Ukimya ule ulinipendeza mno, na ndio unaonifanya niandike haya.

Katuni yenyewe ni Bluey. Inatengenezwa Brisbane, Australia, na studio iitwayo Ludo, na ilianza kuonyeshwa Oktoba 2018 katika televisheni ya umma ya huko, ABC. Ni habari za mbwa wawili, mtu na mdogo wake: Bluey wa miaka sita na Bingo wa miaka minne, pamoja na baba yao Bandit na mama yao Chilli. (Mama yangu mzazi, aliposikia wajukuu wake wanafunzwa adabu na mbwa, alinuna siku nzima. Nikamkumbusha kwamba yeye alitulea kwa ngano za Sungura na Fisi, na Fisi hakuwa na adabu hata chembe.) Kipindi kimoja ni dakika saba tu. Mtunzi wake, Joe Brumm, ana mabinti wawili, na mengi aliyoyatia humo aliyaokota sebuleni kwake. Mwaka 2024 Wamarekani peke yao waliitazama kwa zaidi ya dakika bilioni 55. Hakuna kipindi kingine cha mtandaoni kilichofikia hapo nchini kwao mwaka ule.

Basi nawauliza, wazazi wenzangu: katika dakika zote hizo bilioni 55, baba na mama walikuwa wapi? Nakhofu wengi walikuwa barazani na gazeti, kama mimi. Na kichekesho ni kwamba katuni tunayoitumia kuwakimbia watoto inamwonyesha, kipindi baada ya kipindi, baba asiyewakimbia watoto wake.

Mtazameni huyo Bandit. Si mtu asiye na kazi; ni mwanaakiolojia, na mkewe hufanya kazi ya ukaguzi uwanja wa ndege. Hana midoli ya bei kali. Katika kipindi kimoja mchezo wote ni puto lililobaki baada ya sherehe: lisiguse chini, basi. Kila wanapozoea, baba anauongezea ugumu. Katika kingine amekwenda kuchukua chakula mkahawani, kimebaki kidogo kukamilika, naye yuko nje na watoto wawili wasiojua kusubiri, na bomba la maji liko karibu. Mzazi yeyote aliyewahi kupanga foleni zahanati na mtoto wa miaka minne atalijua jasho lile.

Lakini kipindi kilichonikalisha kitako ni kile cha mpira mkubwa wa mazoezi. Baba anafanyia kazi nyumbani, watoto wanamvamia, naye anacheza nao kwa nguvu zake zote. Bluey anafurahi. Bingo, mdogo, anaumia, ila anaona haya kusema, asije akaharibu mchezo. Anakwenda kwa mama. Hapo mimi na wewe tungetarajia mama atoke akiwa amefura, amkaripie mumewe mbele ya watoto. Hafanyi hivyo. Anamfundisha mtoto abweke kwa sauti ya msichana mkubwa, amwambie baba mwenyewe kwamba mchezo umezidi. Bingo anarudi, anakusanya pumzi, anabweka. Na baba, jitu zima, anasimama, anasikiliza, anaomba radhi.

Ni wangapi katika sisi tumewahi kumwomba radhi mtoto wa miaka minne? Mimi sikuwahi. Halafu tunashangaa binti akifika miaka kumi na minne na amefikwa na baya asiweze kulisema. Angeweza vipi, ikiwa hakupata kujaribu kusema hata pale mkono wa baba ulipomuumiza katika mzaha?

Kuna pia suala la ndugu wenyewe. Nyumba zetu zina hukumu moja tu ya ugomvi: “Mwachie, mdogo wako huyo.” Mkubwa anajifunza kwamba haki ni ya mwenye kulia, na mdogo anajifunza kulia. Katika kipindi cha kwanza kabisa, Bluey anapata marimba ya kichezeo inayomgandisha yeyote anayepigiwa, naye hataki kumpa Bingo zamu. Zamu ndiyo kisa kizima, na inajadiliwa kama jambo zito, maana kwa mtoto ni zito kuliko bajeti ya serikali. Katika kingine kuna zawadi iliyofungwa kwa matabaka ya karatasi, inapitishwa mkono kwa mkono huku muziki ukipigwa. Wazazi wa siku hizi huko wamezoea kutia kijizawadi katika kila tabaka asije akalia mtu. Baba mmoja, jirani, anarudisha desturi ya zamani: zawadi moja tu, katikati kabisa. Watoto wanaangua kilio, wazazi wanakereka. Yeye hatikisiki, na sherehe baada ya sherehe watoto wanajifunza kukosa na kuendelea kucheka. Mimi niko upande wa jirani huyo.

Najua mtakalosema. Mtasema Waaustralia wana muda na bustani, sisi tuna foleni ya barabarani na chumba kimoja cha kupanga. Muda tunao. Uko kijiweni, kwenye bao na ubishi wa Simba na Yanga hadi saa tatu usiku. Na nafasi? Sisi tulicheza rede, mdako na kombolela katika vichochoro visivyopitisha mkokoteni. Wengine mtasema baba akitambaa sakafuni heshima inamtoka. Heshima inayomwagika kwa kutambaa dakika saba haikuwa nyingi tangu hapo.

Wala sidai mzazi awe mtumwa. Chilli mwenyewe, katika kipindi kimoja, anachoka hadi anaomba dakika 20 asisogelewe na mtu. Anaziomba waziwazi, wala hazifichi nyuma ya kioo cha simu.

Siipigi marufuku televisheni. Akili and Me, inayotengenezwa Dar es Salaam na Ubongo, inawafundisha wadogo herufi na namba kwa Kiswahili safi, na naiweka nyumbani kwangu bila wasiwasi. Lakini Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na wa mwaka mmoja asiwekwe kabisa. Saa moja. Zinazobaki ni zetu.

Nirudi barazani. Ukimya ule haukudumu. Yule mdogo alikuja na puto lililosinyaa, la harusi ya jirani, akasema, “Baba, lisiguse chini.” Nikamjibu nimechoka. Hakulia. Dada yake akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, “Mwache, baba anasoma,” wakarudi kwenye simu.

Jumamosi nilikwenda dukani kwa Mangi nikanunua puto jipya. Tulisogeza meza. Kazi ngumu ilikuwa kulikwepesha na feni. Mama yao alitoka jikoni kuuliza kelele za nini, mwiko mkononi, puto likamjia usoni. Akalipiga kwa mwiko likapaa juu ya kabati. Gazeti lile la wiki iliyopita sijalimaliza hadi leo.